Unahamia Dodoma? Ulizia maji kabla ya kuangalia taili

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu. Wiki mbili zilizopita kwenye ukurasa wenu wa barua kuna dada mmoja, nesi, aliandika kwamba anahamishwa kutoka Tanga kuja Dodoma mwezi wa tisa, ana watoto watatu, akaomba yeyote anayeijua Dodoma amwambie akae mtaa gani. Nikasema moyoni watu watamjibu. Kweli wamemjibu, ila majibu yote niliyosoma ni majina tu, huyu anasema kaa Kisasa, yule anasema Ilazo, mwingine Area D ndo kumetulia, mwingine anamwambia nenda Nkuhungu kodi ya huko inalipika. Majina matupu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza we kazi yako itakuwa upande gani, watoto wana umri gani, una usafiri wako au unategemea daladala. Na mimi kwasababu nilifanya kosa hilohilo mwaka 2019, nikaumia na wanangu wakaumia, nimeona nisinyamaze, naomba unipe nafasi japo najua barua yangu ni ndefu.

Mi ni mhasibu, mtumishi wa serikali. Tulikuwa tunaishi Tabata, Dar, miaka tisa nyumba moja, mwenye nyumba alishakuwa kama mama yetu. Habari ya kuhamia Dodoma wote tunaijua ni ya toka mwaka 1973, baba zetu waliisikia wakaizoea ikawa kama hadithi, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba sasa inahamwa kweli, Waziri Mkuu akatangulia mwaka huohuo, Makamu wa Rais akafuata Desemba 2017, na mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Sisi zamu yetu ilifika mwanzoni mwa 2019. Barua ya uhamisho niliipata siku ya Alhamisi, natakiwa kuripoti ndani ya wiki mbili. Wiki mbili hizo unafunga nyumba, unatafuta uhamisho wa mtoto shule, unauza makochi yasiyoingia kwenye Fuso, na katikati ya hayo yote ndo unatafuta nyumba kwenye mji ambao mimi nilikuwa nimeupita mara mbili tu nikiwa kwenye basi la kwenda Singida msibani.

Sasa unafanyaje. Unapiga simu kwa aliyetangulia, anakupa namba ya dalali, dalali anakutumia picha kwenye WhatsApp. Nakumbuka zile picha mpaka leo. Nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, taili zinang'aa, dari la jipsamu limechorwa maua, madirisha ya aluminiamu, fensi na geti jeusi. Kodi 350,000 kwa mwezi. Kwa Dar nyumba kama ile tusingeisogelea. Dalali ananiambia dada fanya haraka kuna watu wa wizara nyingine wanaitaka leo jioni, nikatuma miezi sita pamoja na mwezi mmoja wa kwake, jumla 2,450,000, hela ya uhamisho ilikuwa bado haijaingia kwahiyo nilikopa kwenye kikoba. Nikalala na amani kabisa, nikamwambia Baba Neema tumepata nyumba nzuri.

Tumefika na mizigo saa mbili usiku, watoto wamechoka. Nafungua bomba la jikoni, kimya. La bafuni, kimya. Nikadhani geti valvu limefungwa nikazunguka nje na tochi ya simu kutafuta. Jirani mmoja, bibi wa Kigogo, akatoka na khanga yake mabegani akanikuta nainama inama kwenye mita, akaniambia, mwanangu, leo sio siku yake, maji huku yanakuja Jumatano usiku, na sio kila Jumatano. Akaingia ndani akanitolea ndoo mbili. Ndoo mbili za maji ya mtu ambaye hajui hata jina langu. Ndo tulivyooga usiku ule wa kwanza, wanne, kwa ndoo mbili.

Ile nyumba haikuwa na simtanki. Mwenye nyumba nikimpigia ananiambia tangi lipo njiani. Lilikuwa njiani miezi sita yote. Nikawa naamka saa nane usiku siku ya maji nakinga madumu, ndoo, masufuria, mpaka beseni la kuogeshea mtoto, na wiki ambayo hayakutoka nanunua ya mkokoteni dumu 500, ambayo ni ya kisima na yana chumvi. Mtu wa Tanga au Dar akisikia chumvi anadhani ni kidogo tu. Sio kidogo. Chai inabadilika ladha, sabuni haitoi povu, birika ndani linaota ukoko mweupe, nywele zinakakamaa, nguo nyeupe zinafubaa. Mtoto wangu mdogo alikataa kunywa maji wiki nzima.

Hapa naomba nieleze kidogo maana watu wengi wanalaumu tu bila kujua. Dodoma ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba inaisha Aprili, na kwa mwaka mzima inakusanya kama milimita 570 hivi, ambapo Dar inavuka elfu moja. Baada ya Aprili ni kama hamna mvua mpaka mwisho wa mwaka. Maji ya bomba ya mjini kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, kule bonde la Makutupora, yanapandishwa kwa pampu mpaka mjini. Visima vile viliwekwa kwa ajili ya mji mdogo. Sensa ya 2012 ilikuta Dodoma mjini watu 410,956, sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Yani ndani ya miaka kumi mji umekaribia kuwa mara mbili, na sisi watumishi ni sehemu ya hao walioongezeka. Sasa maji hayo yakigawanywa kuna mtaa unapata siku nne kwa wiki na kuna mtaa unapata moja, na kuna nyumba mbili mtaa mmoja, ya bondeni inapata na ya mlimani presha haifiki. Ndo maana jina la mtaa peke yake halikusaidii chochote.

Kwahiyo dada yangu nesi, kitu cha kwanza ni hiki. Ukifika kwenye nyumba usianze kuangalia taili, na usimuulize dalali habari ya maji kwasababu dalali hajawahi kusema maji ni shida. Toka nje ya geti, tafuta mama anayefua au binti anayeosha vyombo nyumba ya tatu, msalimie vizuri, muulize maji yanatoka siku gani, saa ngapi, na mwezi wa kumi yanakuwaje, maana mwezi wa kumi ndo kiangazi kimekolea. Angalia mapaa ya majirani. Ukiona kila nyumba imejaza simtanki mbili tatu juu ya mnara, huko kuna mgao mkali, watu wameshajipanga. Nyumba yenyewe kama ina tangi uliza lina lita ngapi na linajazwa na nini, bomba au kisima, kisha omba kikombe uonje. Onja kabisa. Usione aibu.

Na ulizia luku, yani mita ya umeme. Hii ni fupi tu, nyumba nyingi za kupangisha zina mita moja wapangaji wanne, mmoja ana friji na jiko la umeme, we una taa tatu, mnagawana sawa. Bora ulipe kodi imezidi kidogo upate mita yako.

Sasa kuna jambo la pili ambalo lilinitesa kuliko hata maji, nalo ni njia. Sisi tulipofika ofisi yetu ilikuwa bado kwenye majengo ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wizara kadhaa zilikuwa zimehifadhiwa pale. Nyumba niliyopanga ilikuwa upande wa barabara ya Singida. Kwenda UDOM ilikuwa daladala mbili, inavumilika. Lakini Mtumba, ule Mji wa Serikali, ulikuwa tayari unajengwa, majengo ya kwanza yalizinduliwa Aprili 2019, na kila mtu ofisini alijua tutahamia kule. Mi mgeni sikuuliza. Tumehamia Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Dar, na mimi nakaa ng'ambo nyingine kabisa ya mji.

Dodoma ukiitazama ina njia kuu nne zinazotoka mjini, ya Dar inayokwenda mashariki, ya Iringa kusini, ya Singida magharibi, na ya Arusha kaskazini kupitia Kondoa. Mji umekua kufuata hizo njia kama vidole. Ukikaa kidole kimoja na kazi iko kidole kingine, lazima kila siku uingie kiganjani ndo utokee upande wa pili, asubuhi na jioni. Ile barabara ya mzunguko ya kilomita 112 ni ya kusaidia hayo magari yasiingie mjini, ila daladala yako na basi la shule vitaendelea kupita mjini. Kwahiyo kabla hujauliza kodi, uliza kazi yako iko kidole gani. Kama ni nesi umepangiwa Benjamin Mkapa, ile hospitali iko kule UDOM, tafuta upande wa Kisasa, Iyumbu, Ng'hong'hona, huko huko. Kama ni General, ile hospitali ya mkoa, iko mjini kabisa, hapo una uhuru zaidi. Na nesi ana zamu za usiku, kwahiyo ulizia daladala ya mwisho inapita saa ngapi na ile sehemu ya kutoka kituoni mpaka nyumbani ina taa au ni kichaka, maana bodaboda ya saa nne usiku kila siku ni hela na ni hatari.

Lakini ukiuliza kazi, uliza na shule, na kama haviko pamoja mi nasema fuata shule. Neema wangu alikuwa darasa la pili. Shule niliyompeleka nilichagua kwasababu iko karibu na ofisini, nikijua nikihitajika nitamfikia haraka. Basi la shule likawa linamchukua saa 11 alfajiri. Mtoto wa miaka saba anaamshwa saa kumi na nusu, anaogeshwa kwa maji ya dumu kwa baridi ya mwezi wa saba, na baridi ya Dodoma ya Juni na Julai asikudanganye mtu kwamba ni jangwa hamna baridi, upepo ule wa asubuhi unapenya mpaka kwenye mifupa. Anarudi saa 11 jioni amelala kwenye siti, konda anambeba mpaka getini. Mwalimu akaniandikia kwenye daftari kwamba mtoto anasinzia darasani kila siku baada ya uji. Nilisoma ile sentensi nikakaa kitandani nikalia. Mtoto aliyekuwa anashika namba tano Dar, na mimi ndo nilimchosha, mimi na ile nyumba ya taili.

Miezi sita ilipoisha sikuongeza hata siku moja. Tukahamia Ihumwa kuikaribia Mtumba, na nakiri niliruka kutoka kosa moja kwenda lingine, kwasababu sasa nilitazama kazi peke yake. Karibu na ofisi ndio, lakini miaka ile duka la maana mbali, sokoni mpaka urudi mjini, na mtaa tuliokaa ukitoka lami ni udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi udongo ule umepasuka nyufa za kuingiza mguu wa mtoto. Ukinyeshewa unakuwa ulimbo, viatu vinabaki, bajaji haingii. Na ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa na ufa kutoka dirishani mpaka chini, umepakwa rangi juu, mvua ilipoanza ule ufa ukafunguka tena. Wenyeji wakanambia nyumba za kwenye udongo ule zisipowekwa msingi wa nguvu ndo zinakuwa hivyo.

Hilo linanileta kwenye viwanja, maana dada yetu aliandika pia kwamba akipata hela ya uhamisho anafikiria anunue kiwanja kabisa asipoteze muda na kodi. Dada, subiri. Nakuomba kama mdogo wangu, subiri.

Oktoba 2019, bado niko kwenye hasira za madalali na wenye nyumba, kuna mtu tulifahamiana akaniambia kuna viwanja upande fulani, 20 kwa 30, milioni nne, vinalipwa kidogo kidogo, upimaji shirikishi unaendelea. Tukaenda Jumamosi mimi na Baba Neema aliyekuwa amekuja kutoka Dar. Pazuri sana. Ardhi imetulia, mbuyu mmoja mkubwa kando, ukigeuka unaiona milima kwa mbali. Baba Neema akawa ameshaanza kupima kwa hatua, hapa sebule, hapa jiko. Tulikuwa na milioni moja na nusu ya kuanzia, ya kwetu ya kuhangaika, ipo kwenye simu. Bado kubonyeza tu.

Yule bibi wa ndoo mbili, ambaye tulishahama mtaani kwake ila nilikuwa namtembelea na wanangu wanamwita bibi mpaka leo, nilipomweleza hakuniuliza bei. Aliuliza, mmekiona na mvua? Nikamwambia bibi mvua si mpaka Desemba. Akasema basi Desemba sio mbali, kama kiwanja ni chako kitakuwepo. Baba Neema alikasirika, alisema tutapitwa. Tukabishana usiku kucha, mwisho tukakubaliana tusubiri.

Mvua za ule msimu wa 2019 kuingia 2020 mnazikumbuka, zilikuwa kubwa karibu nchi nzima. Januari, mvua imenyesha usiku, asubuhi nikachukua bodaboda nikaenda. Hatukufika. Bodaboda alisimama mbali akanionyesha kwa kidole, pale tulipopima sebule palikuwa panapita maji mekundu, mapana kama barabara, yanabeba miti. Kumbe pale ni njia ya korongo. Kiangazi linakuwa mchanga tu mtu hawezi kujua, na nchi ya huku ndivyo ilivyo, mito yake mingi inaishi miezi minne kwa mwaka. Mbuyu ulikuwa umesimama katikati ya maji. Nilimpigia Baba Neema nikashindwa kuongea nikamtumia video.

Na ardhi ya Dodoma ina historia yake ambayo mgeni lazima aijue. Ilikuwa chini ya CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyoundwa 1973, na watu walikuwa wanapewa umiliki wa miaka 33. Malalamiko yalikuwa mengi na ya miaka mingi mpaka Mei 2017 Rais akaivunja, shughuli zikahamia halmashauri, na akaagiza umiliki uwe wa miaka 99 kama sehemu nyingine. Kwahiyo leo ukinunua kwa mtu unaweza ukakuta karatasi za zama tatu, ya CDA, ya halmashauri, na ya kuandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa tu. Unaweza ukakuta wawili wana karatasi za kiwanja kimoja na wote wanaamini ni chao. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji na namba ya kitalu na ya kiwanja, uliza kimepimwa, kimeandikwa jina la nani, na matumizi yake ni makazi au ni eneo la wazi au ni hifadhi ya barabara. Usikubali kuambiwa jirani yangu anafanya kazi huko ardhi nitamuuliza. Nenda mwenyewe na upange foleni.

Mtu akiniuliza kwa kifupi namwambia kaa mvua moja na kiangazi kimoja kwenye nyumba ya kupanga, tena ulipie miezi mitatu kama utapata mwenye nyumba muungwana, ndo ununue. Mwaka mmoja. Kwenye mwaka huo utajua korongo linapita wapi, mtaa upi unakauka mwezi wa kumi, shule ipi ina walimu, mwanao anaumwa na vumbi la Agosti au la. Najua kodi inauma, kila mwezi unaona hela yako inajenga nyumba ya mwenzio. Lakini mimi bora hela yangu iliyokwenda kwenye kodi kuliko ile milioni nne ingezama kwenye kiwanja cha mtoni, kwahiyo sina uchungu nayo.

Kuna lingine ambalo halipo kwenye hesabu. Watumishi tukihamia mahali tunapenda kukaa pamoja, wizara hii mtaa huu, na ni jambo la kawaida, unatafuta pale unaposikia lugha ya nyumbani. Lakini ukijifungia na waliohamia pamoja na wewe wote mnakuwa wageni, hakuna anayejua kitu. Mimi niliyoyajua kuhusu Dodoma ya maana yote nimeambiwa na wenyeji. Kujibu mbukwenyi, salamu ya Kigogo, nilifundishwa na yule bibi, kupika mlenda wa kukausha nilifundishwa na mwanae, hata hii nyumba tunayokaa sasa nilitafutiwa na mama anayeniuzia karanga sokoni Majengo, bila dalali, bila mwezi wa udalali. Kajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa wiki ya kwanza, usisubiri mpaka utake barua. Salimia watu. Wagogo ni watu wapole sana na wanatunza mgeni, ila mgeni anayepita na kioo cha gari kimefungwa watamtunzaje.

Kuhusu familia sitasema mengi maana ni jambo la kila nyumba na lake. Baba Neema kazi yake ni bandarini kwahiyo yeye alibaki Dar, na miaka mitano tulikuwa watu wa basi, anapanda Ijumaa jioni anafika usiku wa manane, Jumapili mchana anaondoka. Kuna wenzangu waliamua familia nzima ibaki Dar, wao ndo wanasafiri, na siwalaumu. Toka Julai 2024 treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma imekuwa nafuu kubwa, masaa matatu na nusu hivi, nauli ya daraja la kawaida 31,000 ilivyoanza. Sasa watu wanapiga hesabu upya. Ila mtu anayetaka kupanga nyumba kwa kutegemea treni ajue bado kuna hela na muda wa kutoka stesheni mpaka nyumbani, kote kote, na kwa wiki nne za mwezi inafika mbali.

Mhariri, nina maombi kwa waajiri, serikali na binafsi, maana sasa hata mabenki na makampuni yanaleta watu huku. Mtu ukimpa uhamisho, mpe kwanza siku tatu za kuja kuona, kabla ya siku ya kuripoti, aje na mwenza wake kama anaye. Siku tatu tu zingenitosha kuonja maji, kupanda daladala saa 12 asubuhi, na kuuliza ofisi itakuwa wapi mwakani. Na hela ya uhamisho itoke kabla mtu hajahama. Ikitoka baada, mtu anakopa, na mtu aliyekopa anachukua nyumba ya kwanza anayoonyeshwa. Ofisi yangu hela ilikuja miezi minne baada ya kufika, nilikuwa nimeshazungushwa na kikoba mpaka aibu. Wenye nyumba nao, naomba wafikirie. Kodi ya miezi sita mpaka mwaka kwa mtu asiyeijua hata nyumba yenyewe inamfunga, akigundua maji hamna hawezi kuondoka. Miezi mitatu inatosha, mpangaji akiridhika atakaa miaka.

Na gazeti lenu lingefanya jambo kubwa kama mngeuliza ratiba ya maji ya kila kata mkaichapa, hata mara moja kwa msimu. Watu wangeikata na kuibandika ukutani.

Sisi leo tuko Ipagala, nyumba ya tatu, na tumekaa hapa toka 2020. Dari halina maua, sebule sakafu ni ya saruji, geti ni la mabati. Kuna simtanki la lita 2,000 na gata za kukinga mvua nilizoweka mwenyewe kwa ruhusa ya mwenye nyumba, Neema alianza kutembea kwa miguu kwenda shule dakika kumi na tano, sasa yuko sekondari na bado anatembea. Kiwanja tulipata mwaka 2022, kwenye mwinuko, tumekiona mvua tatu kabla ya kulipa, msingi umefika usawa wa dirisha.

Dada nesi, kama utasoma hii, mwezi wa tisa ni kiangazi kikali, utaona vumbi na utakata tamaa, usikate. Acha watoto Tanga wamalize muhula, njoo mwenyewe kwanza, kaa gesti wiki moja karibu na hospitali utakayopangiwa. Panda daladala. Onja maji. Watoto waje Desemba shule zikifungwa, waanze Januari pamoja na wenzao. Na ukija njoo na ndoo zako mbili zenye mifuniko, za Tanga ni nzito kuliko za huku.

Mama Neema,
Ipagala, Dodoma.